Hewa, Pumzi na Oksijeni: Uhakiki wa Istilahi za Mapafu ya Mtoto Anayezaliwa

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki kifungu kidogo cha maneno yanayotumika kueleza jinsi mapafu ya mtoto yanavyokua tumboni mwa mamaye, na jinsi yanavyogeuza kazi yake siku ya kuzaliwa. Maneno yenyewe ni ya kawaida: hewa, pumzi, oksijeni, damu safi, damu chafu, kukosa hewa, kuchelewa kulia. Hakuna hata moja lililo geni kwa msomaji, na pengine hiyo ndiyo sababu hayajapata kutazamwa kwa makini. Kamati za istilahi aghalabu huitwa kutafuta jina la kitu kipya. Ni mara chache kuitwa kulikagua neno la zamani linalofanya kazi tatu kwa mshahara mmoja. Hoja yangu ni kwamba katika uwanja huu maneno matatu ya kwanza yamechanganywa hata yakawa kama dhana moja, na kwamba mchanganyiko huo humzuia mwanafunzi kufahamu, na wakati mwingine humzuia mkunga kutenda.

Tuanze na maana. Hewa ni kile kitu kisichoonekana kilichoizunguka dunia na kujaza kila chombo tunachokiita kitupu. Ni mchanganyiko: katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 hivi ni naitrojeni, 21 hivi ni oksijeni, na zinazobaki ni gesi nyingine chache. Pumzi ni hewa iliyokwisha kuwa ya mtu, yaani ile anayoivuta na kuitoa. Neno limefungamana na kitenzi kupumua, na hata kupumzika kumetokana na shina hilo hilo. Oksijeni ni elementi. Yaweza kuwamo katika hewa, katika maji, katika damu, au ikawa peke yake ndani ya mtungi wa chuma. Tuna basi mchanganyiko, tendo la mwili na elementi. Mtu mzima anayezama majini hukosa vyote vitatu kwa pamoja, na katika maisha ya kila siku vitatu hivi huandamana daima, ndiyo maana lugha ya kawaida haikuona haja ya kuvitenga. Lugha haina lawama. Lawama ni ya kuichukua lugha hiyo ya kila siku na kuipeleka katika chumba cha kuzalia bila ya kuikagua.

Kwani katika wodi, "mpe hewa" maana yake ni kufungua mtungi wa oksijeni, na "hewa imekwisha" maana yake ni kwamba mtungi umebaki mtupu. Maneno hayo husemwa katika chumba kilichojaa hewa kutoka sakafuni hadi darini. Msomaji asidhani kuwa hili ni jambo la kuchekesha tu. Nitalirudia baadaye, maana lina uzito wa roho za watu.

*Mtoto asiye na hewa wala upungufu*

Chukua sentensi ambayo mwanafunzi angeweza kuiandika na akapewa alama zote: mtoto aliye tumboni hupata hewa kwa mama yake kupitia kitovu. Sentensi hii ina kosa kubwa na kosa dogo. Dogo ni kitovu. Kitovu ni lile kovu linalobaki tumboni. Ile kamba ina jina lake zuri, kiungamwana, na sioni sababu ya kuliacha. Kosa kubwa ni hewa. Hakuna hata tone la hewa lipitalo katika kiungamwana, na lau kipovu cha hewa kingeingia katika mishipa ya mtoto huyo kingeweza kumwua. Kinachopita ni damu, na ndani ya damu hiyo mna oksijeni iliyoshikwa na chembe nyekundu. Damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Hukaribiana katika kondo la nyuma, na hapo oksijeni huvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Juu ya kondo la nyuma nitasema machache. Wahenga walikiita kiungo hiki kwa wakati wa kutoka kwake, kwamba hufuata nyuma ya mtoto, na jina la namna hiyo humfanya mwanafunzi akione kama takataka za uzazi. Kwa miezi yote ya mimba ndicho kinachofanya kazi ya mapafu. Hata hivyo sipendekezi kulibadili jina. Limekwisha kukaa, na mwalimu aweza kulieleza.

Mapafu yenyewe yamepata kuitwa kwa majina kadhaa. Kamusi zilizotungwa zamani zina yavuyavu na pumu pamoja na pafu. Pumu sasa limekwisha kuhamia katika ugonjwa, na yavuyavu ni la kupendeza lakini wanaolijua wanazidi kupungua, hivyo pafu limebaki kuwa neno la wote. Mapafu ya mtoto aliye tumboni hayana hewa, wala si matupu. Yamejaa maji, na maji hayo hayakuingia kutoka katika chupa ya uzazi. Mapafu yenyewe huyatengeneza na kuyatoa kidogo kidogo. Mimba inapokaribia kutimia, kiasi chake ni mililita 20 hadi 30 kwa kila kilo ya mtoto, yaani kwa mtoto wa kilo tatu ni kikombe kidogo cha kahawa na ziada. Maji haya yana kazi. Huyatanua mapafu yapate kukua, na pale yanapopungua mno kwa muda mrefu mapafu huzaliwa yakiwa madogo yasiyofaa.

Kwa hiyo jina "vifuko vya hewa", ambalo hutumiwa kwa vile vyumba vidogo kabisa vilivyo mwisho wa matawi ya pafu, linamfaa mtu aliyekwisha zaliwa na halimfai aliye njiani. Mwalimu husema vifuko vya hewa vya mtoto tumboni vimejaa maji, na darasa zima huandika bila ya kushtuka, kama vile mtu angesema birika la kahawa limejaa petroli. Napendekeza viriba vya mapafu. Kiriba ni chombo cha ngozi, laini, chenye kutanuka na kunywea, na desturi yake ni kuchukua maji; kikitiwa hewa hutuna vile vile. Neno hili halitabiri kilichomo ndani, na hiyo ndiyo sifa tunayoitaka. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na viriba vinavyohesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Akifika utu uzima ana mamia ya mamilioni. Maana yake ni kwamba pafu halimaliziki kujengwa siku ya kuzaliwa, na jambo hilo tulishike kwa sababu tutalihitaji.

Sasa tuje kwenye oksijeni ya mtoto huyu. Ikipimwa katika damu ya mishipa ya mtu mzima mwenye afya, kani ya oksijeni hukaribia milimita 100 za zebaki. Kwa mtoto aliye tumboni ni kama 25 hadi 30 tu. Wanafisiolojia, tangu enzi za Joseph Barcroft wa Cambridge aliyewachunguza kondoo wenye mimba na kuchapisha kitabu chake mwaka 1946, wamezoea kumlinganisha mtoto huyo na mtu aliyesimama kilele cha Everest. Lakini mtoto haugui. Damu yake ina hemoglobini ya aina ya pekee, ambayo huikamata oksijeni hata ikiwa chache. Moyo wake hupiga upesi. Na mwili wake hauhitaji kujipasha joto wala kubeba mzigo.

Hapa ndipo istilahi zetu zinapofilisika. Tunalo neno moja tu, upungufu wa oksijeni, na kwa neno hilo kila mtoto duniani ni mgonjwa tangu siku ya kwanza ya mimba. Upungufu katika Kiswahili ni kutofikia kiasi kinachotakiwa: mizani imepungua, mshahara una upungufu, hoja ina upungufu. Ni neno la hukumu. Kitu kinaweza kuwa kichache bila ya kupungua. Chumvi katika mchuzi ni chache, lakini mpishi hodari hasemi kwamba ina upungufu. Yafaa basi tutenganishe uchache wa oksijeni, yaani kiasi kidogo kilicho cha kawaida kwa mahali na wakati wake, na upungufu wa oksijeni, yaani kiasi kisichotosha haja. Vivyo hivyo upande wa pili: wingi wa oksijeni ni kiasi kikubwa, na uzidifu wa oksijeni ni kiasi kinachopita haja hata kudhuru. Jozi hizi mbili hazihitaji kutohoa neno lolote. Zimo katika lugha na zilikuwa zikingoja kupewa kazi.

Wala tofauti hii si ya kisarufi tu. Uchache huo ni sehemu ya zana za ujenzi. Vipande vya mapafu ya vijusi vya panya vikikuzwa katika maabara kwa oksijeni ya asilimia 3, matawi yake huchipua zaidi kuliko vikikuzwa katika asilimia 21 ya hewa ya kawaida. Seli zina namna ya kuipima oksijeni na kuwasha au kuzima jeni kwa kufuata kipimo hicho. Waliolieleza jambo hilo, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Nishani ya Nobel mwaka 2019. Oksijeni ikiwa chache, seli hutoa ishara ya kuita mishipa midogo ya damu ije, na mishipa hiyo huongozana na matawi ya pafu kama mto na mitende yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hali hiyo ni upungufu hataweza kuuliza kwa nini mapafu hujengwa ndani yake.

*Usafi na uchafu wa damu*

Jozi ya damu safi na damu chafu ina umri mrefu darasani. Sijui mwalimu asiyeitumia, na naelewa inavyorahisisha kazi: damu iendayo mwilini ni safi, irudiyo moyoni ni chafu, mapafu huisafisha. Inapendeza kama ratiba ya gari moshi. Lakini safi na chafu si vipimo vya oksijeni. Damu chafu kwa mtu wa kawaida ni damu yenye ugonjwa, ndiyo maana huduma za kuongezea wagonjwa damu ililazimu kuita damu iliyopimwa kuwa damu salama; wapo pia wanaotumia neno hilo hilo kwa damu ya mwezi ya wanawake, na humo mna dharau ambayo shule isingepaswa kuipa cheti.

Zaidi ya hayo, mtoto aliye tumboni huipindua kanuni yote. Damu yake yenye oksijeni nyingi kuliko zote haitoki mapafuni. Hutoka katika kondo, nayo hupita katika vena ya kiungamwana, ilhali mwanafunzi amekaririshwa kwamba vena ni za damu chafu. Kisha damu hiyo haitunzwi peke yake. Huchanganyika moyoni na nyingine, na hakuna mahali popote katika mwili huo ambapo mtu angeweza kuchora mstari akasema huku safi, huku chafu. Na mapafu ambayo ati ni dobi wa damu hayafui chochote, maana damu nyingi huyapita kando kupitia tundu lililo kati ya vyumba vya moyo na kupitia njia ya mkato inayounganisha ateri ya mapafu na ateri kuu. Kwa mwana-kondoo aliye tumboni, damu ipitayo mapafuni ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile inayosukumwa na moyo. Tuseme damu yenye oksijeni nyingi na damu yenye oksijeni chache. Ni virai virefu, nakubali, lakini ni kweli.

Neno shinikizo la damu nalo limepatwa na msiba wa namna hiyo. Lilikusudiwa kuwa jina la kipimo, nalo limekuwa jina la ugonjwa. Mtu akisema "nina shinikizo la damu", au kama watu wasemavyo zaidi, "nina presha", hakuna anayemwuliza kiasi gani, ingawa kila aliye hai analo. Katika mapafu ya mtoto tumboni shinikizo hilo ni la juu kwa sababu mishipa yake imejibana, na kujibana huko ndiko kunakoielekeza damu kwenye kondo. Ni afya. Mtoto akishazaliwa, mishipa isipolegea na shinikizo lisiposhuka, hapo pana hatari kubwa. Ugonjwa huo nimeuona ukielezwa kwa Kiswahili kuwa "presha ya mapafu ya watoto wachanga", na mzazi aliyeambiwa hivyo atauliza kama mtoto alikula chumvi. Napendekeza kutoshuka kwa shinikizo la mapafu. Jina hili husema kilichoharibika: si kwamba kitu kimepanda, ni kwamba kitu kilichopaswa kushuka hakikushuka.

*Saa ya kuzaliwa*

Nimefika kwenye kiini. Katika dakika chache za kwanza mapafu hufanya mageuzi ambayo hayatafanyika tena maishani. Maji yaliyomo hunyonywa na kuondoka; viriba hupokea hewa; mishipa iliyojibana hulegea; damu humiminika mapafuni; tundu la moyo hufungwa na ile njia ya mkato hujibana, na kwa kawaida huwa imeziba katika siku moja hadi tatu. Nini kinachoamrisha hayo yote? Lugha ya "kupata hewa" hujibu kwa neno moja, na jibu hilo halitoshi.

Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Stockholm walionyesha mwaka 1946, kwa kuwachunguza paka, kwamba mishipa ya mapafu hujibana pale oksijeni inapokuwa chache. Mishipa ya sehemu nyingine za mwili hufanya kinyume chake. Miaka 18 baadaye, mwaka 1964, Sidney Cassin, Geoffrey Dawes na wenzao walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa wana-kondoo. Walitenganisha mambo ambayo uzazi huyaleta pamoja: wakayatanua mapafu kwa gesi bila ya kubadili oksijeni ya damu, kisha wakabadili oksijeni, kisha gesi ya ukaa. Waliona kwamba kutanuka kwenyewe hulegeza mishipa kwa kiasi, hata kama gesi iliyotumiwa haina oksijeni ya kuongeza; oksijeni ikiongezwa mishipa hulegea zaidi. Yaani mapafu huitika kwa tendo la kupumua na kwa elementi iliyomo katika pumzi, na miitikio hiyo ni miwili. Jaribio hili lisingeweza hata kuelezwa kwa Kiswahili na mtu ambaye hewa, pumzi na oksijeni kwake ni kitu kimoja. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkuu wa makala haya.

Tena oksijeni ile ile iliyofungua mishipa ya mapafu ndiyo inayoifunga njia ya mkato. Amri ni moja, majibu mawili yanapingana, na yote mawili yanahitajika. Naonya basi dhidi ya istilahi kama "kichocheo" kwa kazi ya oksijeni hapa, kwa kuwa msomaji atauliza kinachochewa nini. Ishara ni neno bora zaidi. Anayepokea ishara ndiye ajuaye la kufanya.

Sasa nirudie mtungi mtupu. Mtoto amezaliwa hapumui. Kwetu jina la hali hiyo ni kukosa hewa, na jina hilo hilo hupewa mtoto aliyepatwa na upungufu wa oksijeni kabla ya kuzaliwa kwa sababu kiungamwana kilibanwa, na hupewa pia mtoto anayepumua kwa nguvu zake zote lakini viriba vyake vinagandamana. Dawa za hali hizi hazifanani. Anayehitajiwa kufanyiwa jambo ndani ya dakika ya kwanza ni yule asiyepumua, na anachokihitaji kwanza ni mapafu yake kutanuliwa. Mfuko wa kupulizia na kibarakoa cha kufunika pua na mdomo hufanya kazi hiyo kwa hewa ya chumbani. Jaribio la kimataifa lililoongozwa na Ola Didrik Saugstad wa Oslo, lililochapishwa mwaka 1998, lililinganisha hewa ya kawaida na oksijeni tupu kwa watoto wa namna hiyo, na halikuona kwamba oksijeni tupu ina faida. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2010 ukashauri kwamba mtoto aliyetimiza miezi aanzishiwe kwa hewa. Katika Tanzania, mafunzo ya wakunga juu ya mfuko huo, pamoja na kumkausha mtoto na kumsugua mgongo, yalianzishwa katika hospitali 8 kuanzia mwaka 2009. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Mkunga wa zahanati aliyefundishwa kwamba hewa imo ndani ya mtungi, na mtungi wake umekwisha, ana haki ya kudhani hana la kufanya ila kuita gari. Hewa imemzunguka. Neno lake ndilo lililomficha.

Kwa tendo hili tunahitaji kitenzi. Umbo la kufanyisha ambalo lugha ingelitoa kwa urahisi, pumzisha, limekwisha chukuliwa na maana ya kumpa mtu nafasi ya kukaa kitako, na mtu akiandika "mpumzishe mtoto" atakuwa amesema kinyume cha haraka inayotakiwa. Sikwambii maana ile nyingine, ya kulazwa kaburini. Kumpumulisha mtoto ni umbo linaloweza kutamkwa na kueleweka, na jina lake kupumulisha. Wasiolipenda waseme kumsaidia kupumua, nami sitateta nao. Nitateta na "kumpa hewa", na zaidi na "kumwekea gesi".

Kuchelewa kulia ni usemi wa akina mama, na ni mzuri kuliko mengi yaliyotungwa kamatini. Mama mwenye mtoto mwenye ulemavu, akiulizwa kilichotokea, hujibu: alichelewa kulia. Katika maneno mawili mna wakati, mna dalili, na mna huzuni. Virginia Apgar, daktari wa New York aliyechapisha mwaka 1953 vipimo vyake vitano vya mtoto mchanga, naye aliitazama pumzi na kilio kwa pamoja. Kasoro yake ni moja: humfanya msikilizaji adhani kilio ndicho kilicholeta uzima, na hivyo mtoto apigwe makofi alie. Kilio ni habari ya pumzi. Katika kumbukumbu za wodi tuandike "alichelewa kupumua" pamoja na idadi ya dakika, na usemi wa mama tuuache ulivyo katika kinywa cha mama.

*Uzidifu*

Lugha inayolingana kila jema na hewa haiwezi kusema kwamba oksijeni hudhuru, na historia inatuonyesha gharama ya kushindwa kusema hivyo. Mwaka 1942, huko Boston, Theodore Terry alieleza upofu mpya ulioonekana kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hospitali bora ndizo zilizokuwa na upofu mwingi zaidi, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na vizimba vya kisasa vyenye oksijeni nyingi. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne alionyesha uhusiano wake na oksijeni, na majaribio ya Marekani ya miaka ya 1953 na 1954 yakathibitisha. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni watoto 10,000 hivi waliopofuka duniani. Sababu yake inafuata tuliyoyasema: mishipa ya retina, kama ya mapafu, hujengwa katika uchache wa oksijeni. Mtoto anapotolewa katika uchache huo majuma mengi kabla ya wakati na kutiwa katika wingi, ishara ya kujenga hunyamaza. Baadaye ishara hurudi kwa ghadhabu, mishipa hukua ovyo na kuivuta retina. Mwaka 1967 William Northway na wenzake wa Stanford walieleza madhara yaliyowapata, katika mapafu yenyewe, watoto waliotiwa oksijeni nyingi kwa mashine.

Baada ya hapo oksijeni ilibanwa, na wakafa watoto ambao wangeishi. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 liliweka vikundi viwili, kimoja kikiwa na ujazo wa oksijeni katika damu wa asilimia 85 hadi 89 na kingine 91 hadi 95. Cha chini kilikuwa na upofu mchache na vifo vingi zaidi. Hapa neno "ya kutosha", ambalo limejaa katika miongozo yetu, halisemi kitu. Mtu akiandika mpe mtoto oksijeni ya kutosha, ameandika mpe unavyopenda. Mahali kama hapo mwanaistilahi aweke kalamu chini na kumwachia tarakimu nafasi. Hata mtoto mzima aliyetimiza miezi, dakika moja baada ya kuzaliwa, huwa na ujazo wa asilimia 60 hadi 65 tu, na hufika 85 hadi 95 katika dakika ya kumi; anayeusoma uchache huo kama upungufu atakimbilia mtungi bila ya sababu.

Nimalizie na njiti. Neno hili, la kijiti cha kiberiti, limependwa na wengi, na kwa mapenzi ya wazazi sina ugomvi nalo. Kama istilahi lina hitilafu, kwa kuwa hupima umbo. Mtoto aweza kuwa mdogo kama njiti na awe ametimiza miezi yake, mapafu yakiwa tayari; mwingine akazaliwa mnene wa majuma 33, mwana wa mama mwenye kisukari, mapafu yakiwa mabichi. Ubichi huo una sababu inayojulikana tangu mwaka 1959, pale Mary Ellen Avery na Jere Mead walipoonyesha kwamba watoto wanaokufa kwa kushindwa kupumua wana upungufu wa ule utando unaopunguza mvutano wa maji ndani ya viriba na kuvizuia visigandamane. Tuuite utando wa viriba. Safaktanti libaki kwa wafamasia wanaoiagiza. Utando huo hukomaa kwa kufuata majuma ya mimba, na sindano ya mama ambayo Graham Liggins na Ross Howie wa Auckland waliichapishia matokeo mwaka 1972 hutolewa kwa kuhesabu majuma, haitolewi kwa kutazama ukubwa wa tumbo. Macho nayo huchunguzwa kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo tuwe na mtoto wa kabla ya wakati na mtoto wa uzito mdogo, na kadi ya wodi iwe na nafasi mbili zilizo mbalimbali, moja ya majuma na moja ya gramu, ili anayefungua mtungi ajue anamfungulia nani.